Miraa Niliyopeleka kwa Sababu ya Mbwa

Kabla sijafika kwa mbwa itabidi nipitie kwenye mashine ya kahawa, na anayeona namchelewesha anivumilie, mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu na sikufundishwa njia ya mkato. Huko juu Embu, upande wa msitu, kulikuwa na kiwanda cha kumenya kahawa kando ya mto. Msimu ukifika mashine ilinguruma kuanzia jioni mpaka kunakucha, mabati yanatetemeka, maji yanakimbia kwenye mifereji na yale maganda mekundu, na harufu yake kama pombe iliyosahauliwa kwenye kibuyu. Kazi yangu ilikuwa kuangalia mifereji isizibe. Zamu ikiisha nililala papo hapo juu ya magunia, mkanda wa mashine unapita karibu na sikio, na nililala vizuri kuliko ninavyolala leo kwenye godoro. Karani alikuwa akija kuniamsha ananiita mpaka anachoka, halafu namsikia kwa mbali akimwambia mwenzake, "Huyu siku akifa tutajuaje?" Na mwenzake, "Ataacha kukoroma." Watu wazuri wale. Mmoja alikuwa na kidole kilichokatwa na mashine hiyo hiyo na alikuwa anakionyesha wageni kama mtu anayeonyesha shamba lake.

Nasema hayo ili ujue kwamba nilipoondoka kwetu kwenda Meru kutafuta kazi sikuwa mtu wa kuogopa makelele. Kazi nilipata kwenye tanuri la mkate, mjini, kwa tajiri mmoja aliyekuwa na gari la kusambaza mikate mpaka Kianjai. Chumba nikapata Majengo. Mtu akitafuta chumba huuliza maji yako wapi, choo ni cha watu wangapi, paa linavuja au halivuji. Mimi niliuliza hayo yote. Habari ya jirani sikuuliza. Mwenye nyumba alikuwa Bi Zuhura, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika mpaka msikitini, aliyekuwa akipika mandazi asubuhi na kuwauzia wenye mabucha. Alinionyesha chumba, kitanda cha kamba, dirisha dogo la mbao, akasema, "Hapa mwanangu hutasumbuliwa na mtu." Na kweli mtu hakunisumbua.

Mwezi uliopita nilikuwa soko la Embu natafuta suruali ya mitumba, mama mmoja akaniangalia sana, akaniita, "Wewe si Njeru wa mkate?" Ni binti yake Bi Zuhura, ambaye nilimwacha Majengo akiwa mtoto wa kutumwa kila mahali. Sasa yeye mwenyewe ana wajukuu. Tukakaa juu ya marobota ya nguo tukanywa chai. Akaniambia mama yake alikwisha kwenda, Mungu amrehemu. Akaniambia lile ua la miti ya kayaba kati yetu na jirani lilikatwa na pale kwake kumejengwa gorofa ya kupangisha, hata mgomba mmoja haukubaki. Halafu, kama mtu anayeongeza sukari tu, akasema Karimi, binti wa jirani huyo, naye amezikwa Kibirichia, mwaka huu huu, wakati wa kuvuna viazi. "Alikuwa akija mjini lazima apite kwetu," akaniambia. "Akinywa chai anauliza, yule wa mbwa alienda wapi?" Nilinunua suruali bila kuipima na nilipofika nyumbani nikakuta mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Mama watoto akasema macho yangu yamezeeka. Nikakubali. Ni mwanamke mwema, tumekaa pamoja maisha, na hii sura naiandika bila wasiwasi kwa sababu kusoma hakupendi.

Basi mbwa. Dirisha langu lilitazama ua la kayaba, na ng'ambo ya ua kulikuwa na boma la Mzee Baariu, Mmeru wa Tigania aliyekuwa askari wa msitu, akastaafu, akakaa kwenye kile kipande chake kabla mji haujamfikia. Alikuwa na mbwa watatu. Mmoja aliitwa Simba, wa pili Polisi, wa tatu Chifu. Huyu Chifu alipewa jina hilo kwa sababu, mzee alikuwa akisema, anakula kwa kila mtu na hakuna kazi anayofanya. Ilisemekana chifu mwenyewe alipita siku moja akasikia anaitwa aje ale mifupa, akageuka kwa hasira, na mzee akamwambia kwa upole kwamba hakuwa anaongea naye. Njia ya kutoka machinjioni kwenda kwenye mabucha ilipita mbele ya lango lile. Asubuhi nzima wanaume wanapita na nyama mabegani na kwenye baiskeli, damu inadondoka, upepo unaleta harufu, na mbwa watatu wanapiga kelele mpaka povu. Nyama ikiisha wanaanza na wateja wa nyama. Wateja wakiisha ni watoto wa chuo cha Kurani, kisha mbuzi, kisha Simba anabweka kwa sababu Polisi amebweka, na Chifu anabweka kwa sababu hataki kuachwa nyuma.

Sasa fikiria mimi ninafanya kazi usiku, narudi alfajiri unga ukiwa mpaka kwenye nyusi, na usingizi wangu wote uko mchana. Kelele ya mashine ni ya namna moja, unailalia kama godoro. Kelele ya mbwa inakusubiri. Inanyamaza kidogo, unashuka, unashuka, na pale unapogusa usingizi ndipo inakushika mguu. Nikaanza kusinzia kazini nimesimama. Nikaunguza trei moja, baadaye nyingine, na tajiri, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema, "Njeru, mkate ukiungua tena utarudi Embu ukaoke huko kwenu." Na mimi sikutaka kurudi. Siwezi kueleza vizuri. Nilikuwa nimependa mji ule, baridi yake ya asubuhi, ile adhana inayoshuka pamoja na moshi wa mandazi, chai ya Bi Zuhura yenye tangawizi inayochoma koo. Nilitaka kukaa Meru. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo moyoni mwaka ule mwanzoni, na mbwa walikuwa wanaliharibu.

Bi Zuhura naye alikuwa na kesi yake. Chifu alikuwa na tundu lake chini ya ua, anapita anakuja kuingiza pua kwenye ndoo za maji. Bi Zuhura akimkuta analia kama amefiwa, kisha anakaa chini na kuosha ndoo mara saba, moja kwa udongo, huku akihesabu kwa sauti ili Mzee Baariu asikie ng'ambo. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, nenda wewe ukaseme naye. Mimi nikienda atadhani ni mambo ya dini. Nyinyi ni watu wa kanisa wote, na mlima wenu ni mmoja."

"Mlima ni mmoja, Bi Zuhura, lakini mimi ni wa Embu na yeye ni Mtigania."

"Basi zunguka mlima uende."

Kazini nikawauliza wenzangu mzee wa Kimeru anaendewa namna gani. Kwetu ningechukua asali, nimwekee mbele, nianze maneno. Wakasema huku asali si lazima, lakini mikono mitupu ni dharau; mzee wa Tigania mpelekee miraa. Hapo wakarudi kukanda unga na mimi sikuuliza zaidi. Sokoni nikamwendea muuza miraa. Akauliza ni ya kutafuna mwenyewe au ya nani. Nikasema ni ya mzee fulani, nataka kwenda nyumbani kwake nimwombe jambo. Akanitazama kuanzia viatu. "Umejiandaa?" Nikasema nimejiandaa. Akaacha yale mafungu aliyokuwa amepanga, akaingia ndani, akatoka na miraa mirefu mizuri yenye ncha nyekundu, akaifunga kwa majani ya mgomba polepole, akazungusha kamba ya mgomba, akaifunga fundo fulani, na mama aliyekuwa anauza vitunguu kando yake akanitakia baraka. Nikaona Wameru ni watu wa heshima kweli, mpaka baraka za kwenda kulalamikia mbwa.

Nilivaa koti. Nilioga. Mchana wa Jumapili nikasimama langoni, mzigo umelala kwenye mikono miwili kama mtoto mchanga, na mbwa watatu wakanifokea kama wanavyojua. Mzee Baariu akatoka akiwa na kikopo cha ugoro mkononi. Akaona nilichobeba. Akawanyamazisha mbwa kwa neno moja la Kimeru, jambo ambalo kwa miezi yote ile sikujua linawezekana. Akanisalimu, "Muuga," nikaitikia vibaya, akaupokea mzigo kwa mikono miwili, akaita mke wake, na mke akaupokea akaingia nao nyumbani bila kusema neno. Nikaketishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Ikaja chai ya maziwa matupu. Ukaja mukimo wa ndizi zilizopondwa na njahi, yale maharagwe meusi, umetengenezwa kilima, na shimo katikati limejaa mchuzi wa nyama. Nikala. Nilikuwa na njaa na sikutaka kudharau. Kutoka jikoni nilisikia wanawake wananong'ona, kisha kimya, kisha kunong'ona.

Mzee akauliza ukoo wetu. Nikamwambia. Akauliza kazi, nikasema mkate, akatikisa kichwa akasema mkate ni kazi, watu wataendelea kula. Akauliza kama nakunywa. Nikasema kidogo. Akasema, "Kidogo ya Embu au kidogo ya Meru?" Nikacheka, yeye hakucheka. "Na mbona umekuja peke yako, kijana? Hauna wazee?"

Nikasema wazee ninao, lakini ninayeumia ni mimi, nikaona nisiwasumbue.

"Huyu ana kifua," akasema, akielekeza maneno jikoni. Halafu akakaa sawa. "Haya. Sema kilichokuleta."

"Ni mbwa, mzee."

"Mbwa gani?"

"Hawa wenu. Wanabweka mchana na mimi nafanya kazi usiku. Silali. Naomba kama ungeweza kuwafunga mchana, hata kwa saa chache."

Bado naona lile kope lake la kushoto linashuka pole pole. Huko jikoni kitu cha bati kikaanguka chini, na nyuma yake kikafuata kicheko. Kicheko cha msichana anayejaribu kujiziba mdomo na khanga na khanga haitoshi. Hakikuisha. Kikanyamaza kikaanza upya. Mama yake akamgombeza na katikati ya kumgombeza yeye pia akashindwa. Mzee Baariu akaweka kikopo chake chini. "Kijana," akasema, "unajua ulichobeba?"

"Miraa."

"Miraa tunauza sokoni, kila mtu anabeba. Ile imefungwa majani ya mgomba na fundo lile, mwanaume anailetea nyumba yenye msichana. Ni ya kumwomba. Wewe umekuja kuniomba Karimi, nimekupa kiti, nimekupa nyama, mke wangu ameshaweka ndani, halafu unaniambia mbwa."

Nikainuka. Nikasema mimi ni wa Embu, kwetu msichana huombwa kwa pombe ya asali, sikujua, nisamehewe, nitachukua miraa yangu niende. Akasema haiwezekani. Akirudisha amenitukana mimi na watu wangu. Akiifungua amenipa msichana. "Itakaa pale," akasema. "Haifunguliwi, hairudi." Kisha akaangalia nje walikolala wale mbwa, na mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Siku iliyofuata mbwa wote walifungwa nyuma kwenye migomba, mbali na njia ya nyama. Aliwaambia watu kwamba mtu aliyeingia kwake na mzigo ule, hata akiwa amepotea, hawezi kuachwa alale vibaya.

Nikapata kimya nilichoomba, na kimya kikaniharibia usingizi zaidi ya mbwa. Kwa sababu sasa nilisikia maneno. Nilisikia Karimi anateka maji, anatwanga, anamwigiza mwalimu wa kwaya, anamuuliza mama yake kama watu wa Embu wote wana masikio makubwa. Nililala chali kwenye kitanda cha kamba nikisubiri sauti ile ipite karibu na dirisha. Siku ya kwanza aliyoniongelesha ilikuwa kupitia tundu la Chifu. Alikuwa ameinama, nikaona jicho moja na nusu ya mdomo. "Wewe wa Embu, umelala?" Nikasema ndiyo. "Mtu aliyelala anajibu?" Halafu akanipa habari. "Ile miraa yako mama aliianika juu ya dari ya jikoni. Jana kamba imekatika, ikaanguka, mbuzi ameila yote. Sasa sisi tunasema mbuzi ndiye amekubali. Utakuja kumchukua lini?"

Nikamwambia nitakuja nikipata nyasi. Alicheka kile kicheko, na mimi kijana mzima niliyelala chini ya mashine bila kuamka nikakaa macho mpaka wakati wa kwenda kazini.

Nikaanza kuleta mikate iliyovunjika kwa ajili ya mbwa. Polisi alikuwa wa kwanza kula mkononi mwangu, Simba akafuata baada ya kufikiri sana. Mzee akaona, akaniruhusu kila jioni niingie niwafungue kabla sijaenda kazini, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu. Jua linashuka nyuma ya migomba, Karimi anakoka moto, mama yake ananipakulia viazi na sukuma kwenye sahani ya bati, mbwa watatu wananizunguka miguuni. Mzee anasimulia habari za tembo wa msituni. Karimi anatia neno pale anapoona baba yake anaongeza tembo. "Jana walikuwa wawili, baba." "Leo wamezaa." Nikirudi kwa Bi Zuhura ananisimamisha mlangoni. "Umemshika yule Polisi? Usiguse mtungi wangu." Ananimwagia maji nioshe mikono, na udongo, anahesabu. Siku moja alipofika kwenye ile ya saba akanishika kidole akasema, "Mbwa walikuwa hawakulazi. Sasa mbwa wamefungwa, ni nani hakulazi?" Nikachomoa kidole. Akasema, "Peleka wazee, mwanangu. Mkate unaumuka na kuna saa unashuka."

Nilikuwa nimeshapeleka habari kwa mjomba wangu, ambaye ndiye angesimama mahali pa baba. Alisema atakuja kahawa ikishachumwa. Kahawa ikachumwa. Akasema mpaka alipwe kahawa. Mimi nikawa namwambia Karimi, na Karimi ananiambia, "Mwambie mjomba wako mbuzi anazeeka." Alikuwa bado anacheka, lakini sasa baada ya kucheka alikuwa anasubiri kidogo anitazame.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, jioni moja Mzee Baariu hakusimulia tembo. Alinipeleka mpaka kwenye migomba, akamfungua Simba yeye mwenyewe. "Njeru," akasema, na hakuwa na kawaida ya kuniita jina, "kuna watu wa Kibirichia wametuma neno. Wana shamba la viazi, ni watu wazuri. Wanakuja Jumamosi. Mimi siwezi kufunga mlango kwa sababu ya kijana ambaye sijaona wazee wake. Wakija nao wazee wako kabla, nitawasikiliza wao kwanza. Nimemaliza."

Nikaomba ruhusa kazini. Nikasafiri. Barabara ya kwetu wakati ule ilikuwa udongo mtupu, makorongo na mito, na mvua ikinyesha basi linasukumwa na abiria. Nilimkuta mjomba zizini, mkono uko ndani ya ng'ombe mpaka kwenye bega. Ng'ombe alikuwa anazaa na ndama amekaa vibaya. Nikamweleza hapo hapo, natoa maneno harakaharaka, yeye ananisikiliza kwa upande wa shavu. Akasema ng'ombe huyu akifa hakuna mahari ya Karimi wala ya mtu mwingine. Nikalala pale, nikangoja, ndama akatoka amekufa, ng'ombe akaanguka asiamke. Asubuhi yake mjomba alikaa juu ya ndoo akitazama chini, na mimi sikuona namna ya kumwambia mtu huyo avae koti tukaombe msichana. Nikarudi peke yangu. Kuna sehemu nilitembea kwa miguu kwa sababu daraja lilikuwa limefunikwa na maji chini ya mji wa Chuka, nikavuka nimeshika kamba na watu wengine, viatu shingoni.

Jumamosi mchana nilifika kwenye ua la kayaba nikiwa matope mpaka kiunoni. Mbwa walikuwa wamefungwa migombani kama kila mchana. Langoni niliona wanaume wamekaa kwenye viti, vile vya vitambaa, na mbele yao majani ya mgomba yamefunguliwa yamelala kwenye nyasi, kila mmoja ana kijiti mdomoni. Karimi alikuwa anatoka jikoni na kibuyu cha uji. Aliniona kabla ya wote. Hakukiweka kibuyu chini. Alitazama nyuma yangu, njiani, kuona kama kuna mtu mzima anayekuja taratibu kwa fimbo. Alitazama kwa muda. Kisha akawainamia wageni akawamiminia.

Mzee Baariu akainuka akaja mpaka langoni. Alikuwa amevaa koti lake la serikali.

"Umekuja peke yako," akasema.

"Nimekuja peke yangu, mzee."

Akatazama yale matope. Akapangusa kitu begani mwangu kwa vidole, jani au nini. "Ingia ule," akasema. "Chakula kiko."

Nilijua kwamba nikiingia nikala nimekuwa shahidi kama wale wengine, na yeye alijua, na alisema kwa sababu hakuwa na neno lingine la wema karibu. Nikamwambia nimeshiba. Akasema sawa. Huko migombani Polisi alikuwa amesikia sauti yangu, anaunguruma kwa furaha anavuta kamba. Nikageuka. Nilipita nyumba ya Bi Zuhura bila kuingia, blanketi langu jekundu liko kwenye kamba ya nguo, bado lina maji. Nikapita mabucha, nikapita tanuri, kuna mtu mwingine mlangoni amefunga aproni yangu. Nikashika njia ya Nkubu, ya kurudi Embu, matope juu ya matope, na sijakanyaga Meru mpaka leo.